Mke Kapanda Cheo, Nyumbani Hakukaliki: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinagusa jambo moja: kazi ya mmoja imepanda, ya mwingine imesimama au imekufa, na nyumba imeanza kuwaka. Tumechagua tano. Zinajibiwa na mshauri wa ndoa pamoja na wakili wa masuala ya familia. Majibu ya sheria yanahusu Tanzania Bara. Wasomaji wetu wa Zanzibar wana utaratibu wao, na ndoa za Kiislamu huko husikilizwa na Mahakama ya Kadhi.

Wengi mmeuliza jinsi ya "kurudisha heshima". Tunaamini kwamba ugomvi wa vyeo ndani ya nyumba, ukiuchambua vizuri, kwa sehemu kubwa ni ugomvi wa saa na hela ambazo hazijapangiwa mwenyewe. Ndiyo maana majibu yetu yamejaa hesabu kuliko nasaha. Barua ya mwisho ni ya aina nyingine kabisa, na tumeijibu kwa namna nyingine.

SWALI: Mimi na mume wangu tunafundisha shule moja ya msingi wilayani Kilosa. Januari niliteuliwa kuwa mwalimu mkuu. Yeye amenitangulia kazini miaka mitano. Tangu hapo ananiita "bosi" mbele ya watoto, na shuleni anachelewa makusudi. Dada zangu wananiambia niandike barua ya kuachia madaraka niokoe ndoa. Niandike? — Mwalimu, Kilosa

Mwalimu, usiandike. Mtu aliyeachia cheo kwa ajili ya ndoa hubaki na deni moyoni, na kila mwenzake akikosea kidogo analidai. Yeye naye atajua kwamba akinuna vya kutosha unarudi nyuma. Hapo hakuna kilichopona.

Anzeni na jambo ambalo watu wengi hulichanganya: madaraka na daraja. Ualimu mkuu ni madaraka, na posho yake ni Sh200,000 kwa mwezi. Ukivuliwa kesho unarudi darasani na daraja lako lile lile. Mshahara unafuata daraja. Mwalimu aliyekutangulia miaka mitano anaweza kabisa kuwa daraja la juu yako, na mshahara wake wa msingi ukazidi wako hata baada ya uteuzi. Wekeni hati zenu mbili za mishahara mezani mzisome pamoja. Wapo waume wanaoishi na kinyongo cha "mke ananizidi" wakati hawajawahi kuona tarakimu.

Kisha kuna tatizo la kweli ambalo si la moyoni, ni la kiutumishi. Wewe sasa ndiye unayesaini andalio lake la somo, unayempa ruhusa, unayepitisha majukumu yake kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Hata wanandoa wanaopendana sana hawapaswi kukaa hivyo. Mweleze Afisa Elimu Kata kwa mdomo, kisha mwandikie Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwake, ukieleza kwamba mwenza wako yuko chini yako na unaomba mmoja wenu ahamishiwe shule jirani. Uhamisho ndani ya halmashauri ni mwepesi kuliko wa kuvuka halmashauri. Lakini angalieni: mume akiomba mwenyewe kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, huo unahesabika kuwa uhamisho wa maombi binafsi na haulipwi posho ya uhamisho. Kwa shule iliyo umbali wa baiskeli si hasara kubwa. Kwa shule ya mbali ni hasara, hivyo pigeni hesabu kwanza.

Wakati mnasubiri majibu, mwalimu mkuu msaidizi ashike mambo yote ya mumeo: maandalio, ruhusa, ukaguzi wa darasa. Litangaze kwenye kikao cha walimu kwa sentensi moja na lisijadiliwe zaidi. Muulize pia Afisa Utumishi kama inawezekana msimamizi wake kwenye PEPMIS awe mtu mwingine.

Sasa daftari la mahudhurio. Kila mwalimu anajua ule mstari mwekundu: muda ukifika unapigwa, na anayekuja baadaye anasaini chini yake. Walimu wenzenu wanautazama huo mstari kila asubuhi kuona jina la mumeo litaangukia wapi. Ukichelewa kuupiga kwa sababu yake, umepoteza shule nzima. Ukiupiga wewe mwenyewe huku amesimama mlangoni, umempiga yeye. Kwa hiyo kalamu nyekundu ikae kwa msaidizi wako, na mstari upigwe muda ule ule kila siku kwa kila mtu.

Nyumbani, wekeni mpaka. Mambo ya shule yaishie sebuleni na yasizidi dakika 20. Chumbani yasiingie. Na yeye asikubali kutumwa na walimu wenzake ("mwambie mama yetu kuhusu zile zamu"), kwa sababu mume aliyegeuzwa tarishi wa stafurumu hudhalilika pande zote mbili.

Kuhusu hilo neno "bosi", usilinyamazie na usilijibu mbele ya watoto. Subiri mmeshakula, watoto wamelala, umwambie: "Baba watoto, ukiniita hivyo mbele ya watoto unaniumiza. Nikuulize: ulitarajia uteuzi huu uje kwako?" Kisha nyamaza. Swali hilo ndilo ambalo hakuna mtu amemuuliza. Akikubali, usikimbilie kumpoza kwa "na wewe utapata tu". Mwache aseme aliyo nayo, siku ya pili ndipo mzungumze anataka nini: kujiendeleza kwa shahada, kuomba nafasi nyingine, au kubaki darasani kwa raha yake. Mwalimu mzuri wa darasani hana sababu ya kujiona ameshindwa.

SWALI: Nilipunguzwa kazi miezi minne iliyopita baada ya miaka sita kwenye kampuni binafsi. Mke wangu ni afisa wa benki, anapeleka nyumbani Sh1,400,000. Mimi nakaa na watoto wawili. Naomba hela ya vocha kama mtoto, na yeye akirudi saa 2 usiku analalamika vyombo. Nimechoka, na najua naye amechoka. — Baba wa Tabata

Kaka, barua yako ina mambo mawili ya haraka kabla hatujafika kwenye vyombo.

La kwanza ni haki zako. Mfanyakazi aliyepunguzwa anastahili kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliomaliza, kisichozidi miaka 10. Kama msingi wako ulikuwa Sh900,000 na mlikuwa mkifanya kazi siku sita kwa wiki, siku moja ni kama Sh34,600, na kwa miaka sita unapata takriban Sh1,450,000. Hiyo ni mbali na notisi au malipo yake, na siku za likizo ambazo hukuzitumia. Angalia barua yako kama vyote vimo. Kama uliachishwa bila utaratibu, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Muda wa kulalamikia kuachishwa isivyo halali ni siku 30, kwa hiyo umeshapita. Utalazimika kuambatanisha fomu ya kuomba kuongezewa muda na sababu nzito za kuchelewa. "Nilikuwa nimevunjika moyo" haitoshi. "Nililazwa", pamoja na karatasi za hospitali, ina nafasi.

Uliza pia NSSF kuhusu fao la kukosa ajira. Linamhusu mwanachama aliyechangia walau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari, na ni theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita. Nenda na barua ya kuachishwa na kitambulisho cha NIDA. Tunashangaa ni kina baba wangapi wanaokaa nyumbani wakiomba vocha wakati fao lao halijaulizwa.

La pili ni hela ya mkeo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtwika mume jukumu la kumtunza mke. Mke anabeba la kumtunza mume pale mume anaposhindwa kujipatia kipato kwa maradhi ya mwili au akili. Maana yake ni kwamba mkeo anachofanya sasa amekifanya kwa mapenzi na kwa ajili ya nyumba, na anastahili kuambiwa asante kwa maneno yanayosikika. Waume wengi hukwepa neno hilo wakidhani linawashusha, na mke akakosa kulisikia analitafuta kwenye vyombo.

Sasa bajeti. Kuomba kidogo kidogo ndiko kunakokuua, na ndiko kunakomfanya yeye ajione mashine ya kutolea hela. Gawanyeni mshahara siku ile ile unapoingia. Kwa Sh1,400,000 mnaweza kuanza hivi: kodi 250,000; chakula na gesi 420,000, yaani 14,000 kwa siku; umeme na maji 70,000; ada na usafiri wa watoto 200,000; nauli na chakula cha mke kazini 160,000; dharura 80,000; wazazi wa pande zote 60,000, thelathini kwa thelathini. Zinabaki 160,000. Hizo mgawane sawa: 80,000 zake, 80,000 zako, na kila mmoja hatoi hesabu ya zake. Vocha, kunyoa, nauli ya kutafuta kazi, zote zinatoka humo. Hela ya chakula ikabidhiwe kwako mara moja kwa wiki, Jumamosi, kama Sh98,000, kwa sababu wewe ndiye unayekwenda sokoni. Mshika kapu ashike na pochi yake.

Kinachoharibu mpango huu ni michango. Harusi, msiba, kitchen party ya mfanyakazi mwenzake. Benki hawakosi mchango. Kubalianeni kwamba michango inatoka kwenye 80,000 za anayechangia. Msiba wa karibu pekee ndio uguse hela ya dharura.

Na vyombo. Hapa tunasimama na mkeo, kaka. Kazi ya nyumbani ina mwanzo, katikati na mwisho, na wanaume wengi hushika katikati tu. "Nimepika" maana yake umenunua, umepika, umepakua, umeosha sufuria, umefuta jiko na umeangalia kesho kuna nini. Chukueni karatasi muandike kazi zote za siku kuanzia saa 11 alfajiri: kuamsha watoto, uji, sare, kupeleka shule, soko, kufua, kupika mchana, kuchukua watoto, madaftari, kuogesha, chakula cha jioni, vyombo, kufunga milango. Kila kazi iandikwe jina moja. Zikiandikwa majina mawili, itafanywa na yule anayechoka kusubiri, na huyo kwa kawaida ni mwanamke.

Kwa saa ulizonazo, nyingi zitaangukia kwako hadi upate kazi. Lakini jitengee saa tatu za asubuhi, kwa mfano saa 3 hadi saa 6 siku nne za wiki, za kutafuta kazi au kuanzisha shughuli, na mkeo azijue na aziheshimu. Mume aliye nyumbani akigeuzwa mtu wa kusubiri fundi bomba na kupokea mitungi ya gesi kila saa, kazi haitafutiki. Karatasi mpitie tena baada ya wiki sita, maana ukipata kibarua cha wiki mbili kila kitu kinabadilika na watu husahau kuigawa upya.

SWALI: Mke wangu ni daktari, zamu zake za usiku ni nyingi. Mimi ni fundi umeme, napanga muda wangu mwenyewe, kwa hiyo napika na kuogesha mtoto. Mama alikuja kutoka Moshi akasema nimeolewa. Sasa mke wangu hataki mama arudi. — Fundi, Arusha

Kila mtu aongee na kwao. Mkeo asimjibu mama yako hata neno moja, na wewe usimwachie kazi hiyo. Mpigie mama mwenyewe: "Shikamoo mama. Mke wangu akiwa zamu analaza watu hospitali, na mimi nalaza mjukuu wako. Nyumba yangu iko sawa. Nakuomba lile neno usilirudie, maana lilinivunjia heshima mimi, siyo yeye." Ukimwambia limemuumiza mke, atasema umetekwa. Ukimwambia limekuumiza wewe, atasikiliza.

Mama akija tena, usiache kupika ili aone "mwanamume". Ndilo kosa kubwa wanalofanya waume wengi: wageni wakija majukumu yanarudi kwa mke, naye ametoka zamu hajalala. Pika kama kawaida, mwandalie mama, mnawishe mikono. Zuri ni kwamba mtoto wa kiume anayemhudumia mama yake mwenyewe hakuna anayeweza kumcheka. Na mpangilie mkeo siku asizo zamu zigongane na ujio wa mama walau mara moja, wakae wawili bila wewe.

SWALI: Tuko Mwanza. Mimi ni mhasibu, napokea Sh1,100,000. Mume wangu ni mhandisi, anapokea Sh1,900,000. Miaka minne sasa mimi nalipa chakula na ada, kama Sh600,000 kila mwezi. Yeye analipa kodi, umeme na maji, na anajenga. Wageni wakija anawapeleka saiti: "nyumba yangu". Nikisema ni yetu, anauliza nimeweka tofali ngapi. — Mama wa Mwanza

Dada, barua yako ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu kuliko zote, kwa sababu mpango wenu ni mpango wa nyumba nyingi sana za wafanyakazi nchini. Mume anajenga, mke analisha. Unaonekana wa haki siku ya kwanza. Kadiri miaka inavyopita, hela ya mmoja inageuka kuta na ya mwingine inageuka chakula kilicholiwa.

Anza na hesabu. Sh600,000 kwa miezi 48 ni Sh28,800,000. Mumeo, kwa maelezo yako mengine, anapeleka saiti wastani wa Sh600,000 kwa mwezi. Nayo ni milioni 28.8. Mmetoa sawasawa. Kama wewe ungemwambia kuanzia miaka minne iliyopita "lisha wewe", hiyo saiti ingekuwa na nyasi.

Tuangalie na uwiano. Mapato yenu jumla ni Sh3,000,000. Mahitaji ya pamoja: chakula na ada 600,000, kodi na huduma 300,000, ujenzi 600,000, jumla 1,500,000. Kwa kufuata mapato, sehemu yako ingekuwa 550,000 na yake 950,000. Leo unatoa 600,000 na yeye 900,000. Kwa hiyo unatoa zaidi ya sehemu yako kwa 50,000 kila mwezi, na bado huna tofali. Kiasi si tatizo kubwa kati yenu. Tatizo ni hela ya nani inakwenda wapi.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ndoa inadhani kwamba mali iliyo kwa jina la mmoja ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyo kwa majina mawili inadhaniwa ni ya wote kwa usawa. Ndoa ikivunjika, mahakama ina mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikiangalia mchango wa kila mmoja kwa hela, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Kwa hiyo swali la "tofali ngapi" lina jibu, na jibu lake ni chakula cha miaka minne. Tatizo ni kwamba unabaki na kazi ya kuthibitisha, na chakula hakina risiti.

Hatua ya kwanza ni hati. Tunadhani bado mna mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa serikali ya mtaa, na hati haijatoka. Huu ndio wakati mwepesi kuliko wote. Fomu za kuomba hati zijazwe majina mawili. Mtaulizwa aina ya umiliki. Wa pamoja, ambao kwa kawaida ni wa wanandoa, unafanya mmoja akifariki mwingine abaki na kiwanja chote. Wa hisa unampa kila mmoja fungu lake, na fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake. Wenye watoto wa nje au familia za ndoa zaidi ya moja wakae na mwanasheria kabla ya kuchagua. Wengi huchagua wa kwanza bila kujua kwamba watoto wengine watakosa.

Hatua ya pili ni kubadilishana mikoba kwa miezi 12. Kila mmoja awe na mkono kwenye kinacholiwa na kwenye kinachobaki. Yeye achukue ada, wewe uchukue kitu kinachoonekana: mabati na mbao za kenchi, au madirisha yote. Chagua kitu kizima, kinunuliwe kwa jina lako, risiti iwe na jina lako na namba ya kiwanja. Usichague saruji. Mifuko ya saruji hununuliwa kidogo kidogo na fundi mwenyewe, na mwisho hakuna anayekumbuka nani alilipia ipi.

Kwa kumbukumbu, omba benki taarifa ya akaunti kila baada ya miezi sita uihifadhi. Meseji za malipo ya simu hupotea ukibadilisha simu, hivyo usizitegemee. Risiti za ada ziwe kwenye faili moja na za ujenzi, kabatini, mahali anapopaona. Faili la siri likigundulika linasomeka kama maandalizi ya kuachana, na kuanzia siku hiyo naye anaanza la kwake.

Namna ya kumwingia ina uzito kuliko hesabu yenyewe. Usianze na sheria. Ukimtajia mahakama jioni ya kwanza, hatasikia kitu kingine mwaka mzima. Muombe saa moja Jumapili mchana, mpe karatasi yenye hesabu hizi mbili, ya miezi 48 na ya uwiano, aisome mwenyewe. Mhandisi anaheshimu hesabu. Kisha sema: "Sitaki kukunyang'anya nyumba. Nataka nikiingia humo nisiwe mgeni." Akikataa majina mawili moja kwa moja, muulize anaogopa nini. Mara nyingi jibu ni ndugu zake: amewaahidi chumba, au mama yake alichangia kiwanja. Hilo linazungumzika. Kama mama mkwe alitoa milioni mbili za kiwanja, ziandikwe, zihesabiwe, zirudishwe au zimpe haki ya kuishi humo. Likiachwa bila kusemwa litawasubiri kwenye kikao cha msiba.

Na hata kabla ya jina lako kuingia popote, ujue hili: nyumba mnayoishi kama wanandoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwingine. Benki ikikuletea fomu ya ridhaa ya mwenza, isome yote, uulize ni mkopo wa kiasi gani na wa nini, ndipo usaini au ukatae.

Kuhusu "nyumba yangu" mbele ya wageni, tunajua inavyouma. Wakati hati inashughulikiwa, nenda saiti. Mhandisi aliyezoea kusimamia peke yake hukaribisha mtu anayejua idadi. Hesabu ripu, hesabu misumari, mlipe fundi mwenyewe mara moja moja. Mafundi wakikuita mama mwenye nyumba, na yeye atazoea.

SWALI: Tangu nipandishwe kuwa msimamizi wa tawi, mume wangu amechukua kadi yangu ya benki na anasoma simu yangu. Mwezi uliopita alinipiga makofi kwa kuchelewa kikaoni. Anataka niache kazi na ameniandikia barua ya kujiuzulu nisaini. Viongozi wa dini wananiambia nijishushe. — Jina limehifadhiwa

Mama, yote tuliyowaambia wengine hapo juu, ya bajeti, ya karatasi za kazi, ya kuketi Jumapili, hayakuhusu. Hayo ni ya watu wawili wasioogopana. Sheria ya Ndoa inasema wazi kwamba hakuna mwenza mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko au kipigo, hata kama viongozi kumi wa dini watasema vingine.

Barua ya kujiuzulu usiisaini. Kama umeshaisaini chini ya vitisho, mwone ofisa rasilimali watu siku hiyo hiyo, umweleze hivyo na umwombe asiipokee. Mwombe pia abadilishe akaunti ya mshahara, na umuulize tarehe ya mwisho ya mabadiliko kabla ya orodha ya mishahara kufungwa. Ukikosa tarehe hiyo, mshahara wa mwezi huo utaingia kwenye akaunti ambayo kadi yake anayo yeye. Benki, toa taarifa kwamba kadi haiko mikononi mwako, ifungwe, upewe mpya yenye namba mpya ya siri. Badilisha na namba ya siri ya simu, ila uwe umeshapata mahali pa kulala kabla ya kufanya lolote kati ya haya, kwa sababu kugundua kwake ndiyo saa ya hatari.

Ukipigwa tena, nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, upewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali siku ile ile. Alama hufifia na karatasi iliyojazwa baada ya wiki haina nguvu sawa. Baadhi ya hospitali za serikali zina kituo cha mkono kwa mkono ambako polisi, daktari na ofisa ustawi wa jamii wako pamoja, uliza mapokezi.

Pelekea mtu unayemwamini, siyo wa upande wake, nakala za kitambulisho cha NIDA, vyeti vyako vya shule, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Asili zake zihamishe taratibu, moja moja.

Ukiamua kuomba talaka, shauri hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza likishindwa linatoa hati ya kusema limeshindwa. Hati hiyo iambatanishwe kwenye maombi ya mahakamani kabla haijapita miezi sita. Mahakama inaweza kuruhusu shauri bila kupita barazani pale penye mazingira yasiyo ya kawaida. Mashirika ya TAWLA na WLAC husaidia wanawake kwa masuala ya sheria bila malipo. Nenda ofisini kwao mchana wakati wa kazi, ukiwa na barua aliyokuandikia usaini. Hiyo barua usiichane.